Mwindo ni mmoja ao ni wengi?
Mabishano ya vijana kwenye nyumba za michezo, na hadithi ya Walikale inayotufundisha kupanga mambo yetu

Ku kila karière yenye watu wengi, tangu vilima vya Rubaya kule Masisi mpaka njia ya Walikale, mangaribi jenereta ikishawaka utakuta nyumba moja isiyokosa watu. Si kanisa, si nganda ya pombe. Ni nyumba ya michezo: televizio mbili ao tatu, PlayStation za zamani, maneti zilizofungwa na skochi, na vijana waliotoka kuosha mchanga, matope bado ku miguu. Wazazi wengi hawapendi ile nyumba. Wanasema inakula franka za watoto, na ni kweli inakula. Lakini mzazi akisimama kidogo mlangoni, akasikiliza wanabishania nini, ataona kuna kitu pale kinachotuhusu siye wote.

Wengi wanachezaka mpira. Lakini mpira ukiisha, mabishano makubwa yanakuja juu ya michezo ya hadithi, sana sana ule wa Kratos, unaoitwa God of War. Na hawabishani nani ana nguvu kuliko nani. Wanabishana juu ya mfuatano: nini kilitangulia, nini kilifuata, na kama yule mtu wa mchezo huu ndiye yule yule wa mchezo ule.

Mchezo wa mwisho unaweza kuwa mwanzo

Tueleze kidogo kwa baba na mama ambao hawajashika maneti. Kratos ni askari wa zamani wa Ugiriki. Mchezo wake wa kwanza ulitoka mwaka 2005, wa pili 2007, wa tatu 2010. Mtu angefikiri hadithi inaenda moja, mbili, tatu. Hapana. Mu katikati walitoa mingine. Ule uliotoka 2008 unaeleza mambo yaliyotokea mbele ya ule wa 2005. Mwingine wa 2010 unaingia katikati ya wa kwanza na wa pili. Na ule wa 2013, uliotoka nyuma ya hii yote, ndio unaoitangulia yote mu hadithi. Kijana aliyecheza kwa namna michezo ilivyotoka amepata habari kichwa chini miguu juu, na ni lazima aipange upya mwenyewe.

Mwaka 2018 wakatoa mwingine: Kratos amezeeka, ana ndevu, ana mtoto kijana, anaishi inchi ya theluji mbali na kwao. Alifikaje huko? Alitembea miaka ngapi? Mchezo hausemi wazi, na hapo ndipo vijana wanashikana mashati. Tena mu inchi ile kuna nyoka mkubwa kuzunguka dunia, na wanasema alipigwa kwa nguvu mu vita ya mwisho mpaka akatupwa nyuma, katika wakati uliopita. Basi nyoka huyo anakumbuka vita ambayo wengine hawajaipigana. Mchezo wa 2022 ulikuja kuonyesha pigo lenyewe.

Kuna hadithi ingine ambayo mabishano yake ni ya zamani zaidi. Ni Zelda, michezo ya kampuni Nintendo ya Japani, iliyoanza mwaka 1986. Kwetu wachache ndio wameicheza, lakini mwenye simu na megas ameshaona video zake. Mu kila mchezo kuna kijana anaitwa Link, kuna binti mfalme anaitwa Zelda, na kuna adui. Sasa mu mchezo mmoja dunia ni kavu, mu mwingine bahari imefunika inchi yote, mu mwingine tena hakuna mtu anayekumbuka habari za mbele. Kama Link ni mmoja, aliishi miaka mingapi? Wapenzi wa michezo ile, inchi nyingi za dunia, walikaa miaka wakichora meza zao: huu mbele, huu nyuma, hapa njia inagawanyika.

Mwezi wa 12 mwaka 2011 Nintendo wenyewe wakatoa kitabu chenye mfuatano wao. Walisema kwamba nyuma ya mchezo wa mwaka 1998, Ocarina of Time, hadithi inagawanyika matawi matatu. Tawi moja shujaa amerudi utotoni. Tawi la pili dunia imeendelea bila yeye. Tawi la tatu shujaa alishindwa. Na Link si mmoja: ni vijana wengi wa vizazi mbalimbali, jina ni moja. Mabishano yaliisha? Hata. Mwaka 2017 kampuni ikatoa mchezo mwingine unaotokea nyuma sana, wakati hadithi za zamani zimekuwa kama ndoto, na hawakuufunga ku tawi lolote. Watu wakarudia kuchora.

Msomaji ataniuliza: mtu wa sendika anatafuta nini mu mambo ya Zelda? Natafuta Walikale.

Kitu chetu kilichotangulia

Kabla PlayStation haijazaliwa, hapa kwetu kulikuwa hadithi yenye shujaa, mashimo, nyoka wa maji, radi, joka, na mabishano yale yale. Ni hadithi ya Mwindo, ya Banyanga wa Walikale. Kwa Kinyanga hadithi ndefu ya namna hiyo inaitwa karisi, na mwenye kuijua anaitwa shekarisi. Haikariri tu. Anaimba, anacheza, kayamba ku mkono, njuga ku miguu, vijana wake wanapiga fimbo ku mti mkavu, na watu wanaitikia.

Mwaka 1956, mzee shekarisi mmoja, Rureke wa kijiji cha Bese, aliimba hadithi ya Mwindo kwa siku 12 mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wenyeji waliokuwa wanaandika. Mmoja wa waliofanya kazi juu ya maneno yale ni Kahombo Mateene, Munyanga aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa wa lugha. Kitabu chao, Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza, kilitoka Marekani mwaka 1969. Leo kinasomwa mu vyuo vikuu vya inchi za mbali, na watoto wetu wengi wa Walikale hawajakisikia.

Hadithi kwa ufupi ni hii. Mu kijiji cha Tubondo alikuwa mwami anaitwa Shemwindo, mwenye wake saba. Alitoa amri: wote wazae wasichana tu, atakayezaa kijana, mtoto atauawa. Juu ya nini? Juu ya mali ya kuolesha. Wake sita wakazaa wasichana. Wa saba, aliyependwa zaidi, akazaa kijana, naye hakutoka kwa njia ya watoto wote: alipita ku kidole cha mama yake. Alizaliwa anasema, anatembea, na mkono mmoja ameshika conga, usinga wake wa nguvu. Ndiyo sababu wanamwita Kabutwa-kenda, maana yake mtoto aliyezaliwa na kutembea saa ile ile.

Baba akamtupia mkuki, haukumpata. Akamzika, akatoka. Akamfunga ndani ya ngoma na kumtupa ku mto. Mwindo akaenda na maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura, bibi ya Mukiti, nyoka mkubwa wa maji. Kutoka pale akaenda kwa wajomba zake, ambao ni wahunzi. Wao wakamfulia nguo za chuma, tangu kofia mpaka viatu. Halafu akarudi Tubondo kupigana na baba yake. Nkuba, bwana wa radi, akamsaidia, Tubondo ikaungua. Shemwindo akapata njia chini ya mzizi wa jani linaitwa kikoka, akashuka kuzimu.

Hapa kila mchimbaji atege sikio. Mwindo anashuka kumfuata baba yake, na anashuka na kamba. Kichwa cha kamba anakiacha mu mikono ya shangazi Iyangura, hapo juu. Wanapatana: kama kamba inatikisika, ni mzima. Kamba ikinyamaza, ujue amekufa. Nani mu siye hajui ile kamba? Nani mu mama zetu na dada zetu hajakaa ku mdomo wa shimo akiangalia kamba?

Kule chini Muisa, mwenye kuzimu, anampa kazi za kumuua: kulima shamba la ndizi siku moja, kupasua mti wa asali. Kahindo, binti wa Muisa, anampa shauri. Baba yake anakimbia kwa Ntumba, halafu kwa Sheburungu. Na Sheburungu anamwambia Mwindo: ukitaka baba yako, tucheze kwanza. Wanacheza wiki, mchezo wa bahati wa mbegu. Mwindo anapoteza mali yake, anapoteza watu wake, anabakia na conga tu. Anaiweka, na hapo anashinda yote, na baba yake juu yake. Vijana wa nyumba za michezo wajue kwamba mkubwa wao ni wa zamani.

Akampandisha baba. Hakumuua. Akafufua watu wa Tubondo, wakafanya baraza, baba akasema kosa lake mbele ya wote, vikawekwa viti vitatu: cha Mwindo, cha baba, cha shangazi. Nyuma ya hapo Mwindo aliua joka Kirimu lililomeza wawindaji wake. Lakini joka lile lilikuwa rafiki ya Nkuba. Nkuba akamchukua mpaka mbinguni, akakaa kule mwaka mzima mu baridi na njaa, akafundishwa kwamba mwami hajisifu na haui ovyo. Akarudi na sheria za kuongoza watu.

Mu mchezo, Kratos naye ameshuka kuzimu zaidi ya mara moja, naye ana ugomvi na baba yake Zeus. Lakini yeye alimuua. Walikale walipata mwisho mwingine.

Nani alipanga siku zile 12?

Sasa tuingie mu mabishano yenyewe. Biebuyck ameandika kitu ambacho wasomaji wengi wanapita mbio: shekarisi hakuwa na desturi ya kuimba hadithi yote toka mwanzo mpaka mwisho. Aliimba kipande leo, kipande siku ingine, kwa namna watu walivyoomba. Rureke mwenyewe alisema mara nyingi kwamba mbele ya pale hakuwahi kuimba yote kwa siku zilizofuatana.

Fikiri vizuri maana yake. Mtoto wa Bese alisikia joka mwaka huu, kuzaliwa mwaka ujao, mchezo wa wiki siku ya msiba wa fulani. Alipanga mwenyewe mu kichwa chake, sawa vile kijana wa Rubaya anavyopanga michezo ya Kratos. Mfuatano mzima, ule tunaousoma leo mu kitabu, ulitoka nje mara moja, mwaka 1956, juu kulikuwa mtu wa kuandika aliyetaka kusikia yote.

Na Rureke hakuwa peke yake. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye hadithi zingine za Mwindo kutoka kwa mashekarisi wengine. Hazifanani. Kuzaliwa si kumoja, jamaa si moja, safari si moja. Mu moja Mwindo ana dada anaitwa Nyamitondo, aliyeolewa na Radi mwenyewe. Rureke hana habari za dada yule.

Basi tufanye kama wapenzi wa Zelda. Kuna nadharia tatu zinazowezekana.

Ya kwanza: Mwindo ni mmoja, na kila shekarisi alishika kipande chake. Ukiviunganisha, vinasaidiana. Mfano: kwa Rureke, Radi anamsaidia Mwindo kuunguza Tubondo, na baadaye anamwadhibu lakini hamuui, anamfundisha na kumrudisha. Mbona uvumilivu ule wote? Ukileta Nyamitondo wa shekarisi mwingine, unapata jibu: Radi ni shemeji. Shemeji atakusaidia vita, atakugombeza, lakini hatakuua na dada yako anaangalia. Nadharia hii ni tamu, lakini ina udhaifu: Rureke hakusema hivyo, na hatuwezi kumtia maneno mu kinywa.

Ya pili: Mwindo ni wengi. Na hapa Banyanga wana hoja ambayo hata Wajapani hawakuwa nayo. Mwindo ni jina la desturi. Ni jina la mtoto mwanaume anayezaliwa nyuma ya wasichana watupu. Mu jamaa nyingi, vizazi vingi, walizaliwa akina Mwindo. Hakuna sababu ya kushangaa kwamba habari zao hazifanani. Kampuni ya Japani ilisema mwaka 2011 kwamba Link ni jina la vijana wengi. Walikale, kwa desturi ya jina tu, mambo yale yaliwezekana zamani.

Ya tatu: ni matawi. Kila shekarisi alipokea kwa mkubwa wake, naye akaongeza kwa maisha yake, kwa sehemu alizopita. Hadithi iligawanyika kama mto. Hakuna tawi la kweli na tawi la uongo, kuna chemchem moja na maji mengi.

Angalia tena majina ya wazazi. Shemwindo maana yake ni baba Mwindo. Mama anaitwa Nyamwindo, mama Mwindo. Ni sawa vile siye tunavyosema Papa Jean, Mama Furaha. Lakini hadithi inamwita Shemwindo toka neno la kwanza, wakati anatoa amri ya kuua wavulana, wakati Mwindo hajazaliwa! Mtu hawezi kuitwa baba wa mtoto ambaye hayupo. Maana yake ni kwamba mwenye kusimulia amesimama ku mwisho wa hadithi na anaangalia nyuma. Anajua tayari kwamba mwami yule mwenye kiburi atabaki ku kumbukumbu kwa jina la mtoto aliyetaka kumuua, na kwamba jina lake mwenyewe la zamani limepotea.

Majirani pia wana mashujaa. Balega wana Mubila wao. Wamongo, mbali kule Equateur, wana Lianja, naye hakuzaliwa kwa njia ya kawaida, alitoka ku mguu wa mama yake, na ana dada, Nsongo. Kuna wanaosema ni shujaa mmoja aliyetembea pori lote. Hiyo ni kupanua sana. Watu wanaweza kufanana hadithi bila kuwa na baba mmoja. Lakini kidole na mguu, Nyamitondo na Nsongo, ni mambo ya kukalia mangaribi moja na kuongea.

Mfuatano wa vita na ule wa mashini

Kwa nini naandika haya mu gazeti wanalosoma wachimbaji? Juu siye pia tuna hadithi iliyosimuliwa vipande vipande, na wengine ndio wanaoipanga.

Mfano mkubwa ni ule unaosemwa Ulaya na hata hapa: PlayStation ndiyo ilileta vita ya koltani. Tuipange kwa miaka. Mauaji ya Walikale na Masisi yalianza mwezi wa 3 mwaka 1993, ku soko la Ntoto. Vita ya kwanza kubwa ilikuja 1996, ya pili mwezi wa 8 mwaka 1998. PlayStation 2 ilitoka Japani tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka 2000. Ni mu mwaka ule wa 2000 bei ya tantali, chuma kinachotoka ku koltani, ilipanda kama moshi, na watu wakaacha mashamba na ng'ombe wakakimbilia vilima. Mwezi wa 11 mwaka ule, RCD iliyotawala Goma ikaunda SOMIGL ili koltani yote ipite mkono mmoja. Mwaka 2001 bei ikaanguka.

Basi mashini haikuzaa vita. Vita ilikuwa imetangulia miaka saba. Na bei haikupanda juu ya mchezo peke yake, simu na kompyuta pia zilikula tantali. Lakini ni kweli vilevile kwamba pesa ile ililisha vita iliyokuwa tayari, ikaipa miguu mipya. Mtu anayesema "PlayStation ilileta vita" amepanga vibaya. Mtu anayesema "koltani haina lawama" naye amekata ukurasa. Tofauti si ya maneno tu. Ukisema vita ilitoka ku madini, dawa itakuwa kufunga mashimo. Na tuliiona dawa ile. Sheria ya Marekani juu ya madini ya vita ilitiwa sahihi mwezi wa 7 mwaka 2010. Mwezi wa 9 rais wetu akasimamisha uchimbaji wa mkono Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Bunduki hazikunyamaza. Zilizonyamaza ni sufuria.

Ndani ya zile mashini kuna kazi yetu, ao ya watu kama siye. Tantali inakaa mu kipande kidogo kinachoshika umeme. Bati, linalotoka ku kasiterite kama ile ya Bisie, ndilo linalogandisha vipande ku bamba lake. Hakuna mtu anayeweza kufungua PlayStation na kusema punje hii ilitoka shimo fulani. Lakini hadithi ya Mwindo inataja wahunzi waliofua chuma, ikasahau kusema nani alichimba jiwe la chuma kile. Naona tangu zamani ni sawa.

Kaye moja kwa kila shimo

Mu kazi ya sendika, mabishano makali siyo ya bei. Ni ya mfuatano. Nani alifungua shimo hili kwanza? PDG aliweka pesa lini, mbele ya maji kuingia ao nyuma? Ukuta ulianza kupasuka siku gani, na nani aliambiwa? Wale walioshuka asubuhi walikuwa wangapi? Mtu anapokufa chini, kila mwenzake ana kipande. Mmoja anakumbuka mvua, mwingine anakumbuka mti uliovunjika, mwingine anakumbuka neno la kapita. Vipande vyote ni vya kweli. Lakini kwa sababu havijapangwa, anakuja mtu wa nje na karatasi, anapanga kwa namna inayomfaa, watu wanatia kidole. Mjane anarudi nyumbani na mfuko wa unga.

Shekarisi mmoja akiimba, vijana wake wapo, wanaitikia, na akikosea wanamrudisha ku njia. Siye tunahitaji kitu kama hicho ku kila shimo. Kaye moja ya shule na bik moja vinatosha. Tarehe, majina ya walioshuka, majina ya waliopanda, alama iliyoonekana ku ukuta, mtu aliyeambiwa. Asomewe kila mtu mangaribi, kila mtu aseme ndiyo ao hapana. Na kamba ya Iyangura ipate daftari lake: anayeshika kamba ndiye anayeandika. Sana sana ni mama ao dada. Shangazi alipewa kiti cha tatu Tubondo. Si kwa zawadi, ni kwa sababu alishika kamba mpaka mwisho.

Vijana wanaoweza kueleza kwamba mchezo wa 2013 unatangulia ule wa 2005, na kutoa sababu, wana akili ya kazi hiyo. Wameshajizoeza kuuliza maswali matatu ya maana: kilichosikika kwanza ndicho kilichotokea kwanza? Jina moja ni mtu mmoja? Anayesimulia amesimama wapi? Wapeni ile kaye. Na siku jenereta imekosa mafuta, waambieni wakae karibu na mzee wa Walikale ambaye bado anajua kipande kimoja cha karisi, hata kama ni kidogo. Jamaa nyingi za Masisi na Walikale zimekimbia mara nyingi, na mzee akifa ku kambi mbali na kwao, kipande chake hakirudi. Wamwandike kwa Kinyanga kama wanaweza, ao kwa Swahili yetu hii. Wakiona hakifanani na kile cha Rureke, wasikitengeneze. Wakiache vile kilivyo, waandike tarehe na jina la kijiji, na wapitishe kwa mwingine abishane nacho.